Moyo Ni Mmoja: Kuuhudhurisha Ndani ya Swala na Nje Yake

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyeziumba nyoyo na azijuaye siri zake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyezifuata nyayo zao kwa wema.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, miongoni mwa malalamiko yaletwayo sana mbele ya masheikh siku hizi ni neno hili: "Sheikh, moyo wangu hautulii." Mfanyabiashara hulisema, na duka lake limejaa. Mama mwenye nyumba hulisema, na watoto wake ni wazima. Kijana hulisema, naye ana nguvu za mwili na hana deni la mtu. Nao wote hawasemi uwongo. Wamo ndani ya neema lakini hawaionji, mfano wa mtu mwenye mafua aliyewekewa sahani ya pilau: chakula kipo, na harufu ipo, kilichokosekana ni pua ya kuinusia.

Twataka katika risala hii kueleza, kwa kadiri Mola atakavyotuwezesha, utulivu huu umepotelea wapi, na kwa njia gani waweza kurudi. Na jambo moja twalitanguliza ili msomaji alishike tangu mwanzo: utulivu wa moyo haupatikani kwa kuukimbia mji na shughuli zake, wala hauuzwi dukani. Hupatikana kwa kuuhudhurisha moyo pale ulipo mwili. Mazoezi ya jambo hilo Mwenyezi Mungu ametufaridhia mara tano kila siku, na wengi wetu twayapoteza mara tano kila siku.

Watu huutafuta utulivu pasipokuwa pake. Yuko autafutaye katika miraa na muguka. Akatafuna tangu alasiri hata usiku wa manane, na kulipokucha akawa na moyo ule ule, umeongezewa usingizi uliokosekana na fedha zilizotoka. Yuko auendeaye kwa mganga, akarudi na hirizi shingoni. Na badala ya khofu moja sasa anazo mbili, ile aliyokwenda nayo, na khofu ya hirizi kupotea. Yuko asemaye, "Lau ningehamia shamba, lau ningeiacha kazi hii, ningetulia." Akahama, na moyo wake ukahama pamoja naye.

Na huko ng'ambo nako watu wamepatwa na shida hii hii. Mwaka 1979, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Marekani, mtaalamu aitwaye Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya kuwazoeza wagonjwa wenye maumivu na dhiki kukaa kimya, kuziangalia pumzi zao, na kuurudisha moyo kila unapopotea. Asili ya mazoezi hayo aliitoa katika ibada za Kibudha, akayavua dini na kuyafanya matibabu. Mafunzo hayo yameenea ulimwenguni, na vijana wetu hutuuliza habari zake. Jawabu yetu ni kuwa hikima haikataliwi kwa sababu ya mdomo ilikotoka, na mtu kukaa kimya akavuta pumzi si haramu. Lakini yatushangaza kumwona Mwislamu akisafiri mbali kutafuta namna ya kuurudisha moyo uliopotea, na nyumbani kwake kuna swala tano zilizowekwa kwa ajili hiyo, naye hazifungui ndani. Tena yule afundishwaye kuiangalia pumzi huishia penye pumzi. Ama sisi tumeamrishwa kumwangalia Yule aitoaye. Katika Suratu Raad, aya ya 28, tumearifiwa kuwa kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu ndiko nyoyo zinakotulia. Ahadi ni ya nyoyo. Basi ulimi utajao peke yake, na moyo uko mbali, haujaitimiza sharti yake.

Asili ya maradhi yetu ni kuwa moyo ni mmoja. Katika Suratul Ahzab, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ametubainishia kuwa hakumwekea mtu yeyote nyoyo mbili ndani ya kifua chake. Aya yenyewe yaendelea na hukumu ya dhihari na ya watoto wa kupanga, lakini msingi uliotangulizwa ni mpana, na kila mmoja wetu aweza kuujaribu nafsini mwake. Mtu aweza kuwa na maduka mawili, na nyumba mbili, na simu mbili. Moyo anao mmoja tu. Ukiwa Kongowea penye bei ya vitunguu, hauko msikitini, ijapokuwa mwili umesimama safu ya kwanza. Na ukivutwa huku na huku mara mia kwa siku hauwi nyoyo mia; huwa ni moyo mmoja uliochanika. Kuchanika huko ndiko kunakoleta wasiwasi, na ndiko kunakomchosha hata mtu aliyekaa kitako kutwa nzima na hakuinua mzigo.

Wala msidhani kuwa jambo hili limeletwa na zama zetu. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Jabir bin Abdillahi kuwa siku moja ya Ijumaa, Mtume (S.A.W.) alipokuwa pamoja na watu msikitini Madina, uliingia msafara wa biashara kutoka Sham. Watu wakamiminika kuuendea, wasibaki pamoja naye ila watu 12. Hiyo ndiyo sababu ya kuteremka aya ya mwisho ya Suratul Jumua, iliyowalaumu kwa kukimbilia biashara na pumbao na kumwacha Mtume amesimama. Wafasiri wametaja kuwa wakati ule njaa ilikuwa imeushika mji, kwa hivyo tusiwadhanie vibaya. Lakini tuzingatie: khatibu ni Mtume mwenyewe, na wasikilizaji ni watu wa Madina walioishi naye, na bado masikio yalivutwa na habari za msafara.

Tofauti yetu na wao ni kuwa wao msafara uliwajia siku ile, wakaonywa, wakaonyeka. Sisi hatuungoji uje, tunao mfukoni. Simu ya leo ni soko, na ni baraza, na ni gazeti. Na tangu mwaka 2007, zilipoanza fedha za Wakenya kupita ndani yake, imekuwa ni mkoba pia. Kila saa ngamia mpya aingia mjini, na kila saa twaondoka kumtazama, na khatibu twamwacha amesimama.

Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra, Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa Shetani huikimbia adhana, na ikisha hurudi, na swala ikikimiwa hukimbia tena, kisha hurudi akaingia baina ya mtu na nafsi yake, akawa anamkumbusha hili na lile katika mambo asiyokuwa akiyakumbuka, hata mtu asijue ameswali rakaa ngapi. Neno la kuzingatiwa hapa ni silaha yenyewe. Hakutajwa kumjia mwenye kuswali kwa ulevi wala kwa uzinzi. Humjia kwa ukumbusho: deni la fulani, ufunguo uliopotea, jawabu ambayo ungalimpa jirani yako jana. Mengi katika hayo ni ya halali. Basi halali iliyokuja kwa wakati usiokuwa wake ndiyo ngazi apandiayo.

Ama dawa, mwalimu wetu ni Mtume mwenyewe. Bibi Aisha (R.A.A.) amesimulia, katika Hadithi ya Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (S.A.W.) aliswali naye amevaa khamisa, nayo ni nguo yenye nakshi, na jicho lake likazitazama nakshi zile mtazamo mmoja. Alipomaliza akaamrisha nguo ile ipelekwe kwa Abu Jahm, na aletewe badala yake nguo nzito ya Abu Jahm isiyokuwa na nakshi; akaeleza kuwa ile ya kwanza ilimshughulisha katika swala yake.

Ndugu zangu, katika kisa hiki kifupi mna mambo matatu. Kwanza, nguo ile ilikuwa halali, wala haikuwa na aibu yoyote ila kwamba iliuvuta moyo. Pili, Mtume hakusema kuwa atauzoeza moyo wake kidogo kidogo huku nguo i mwilini. Aliiondoa sababu papo hapo. Tatu, alipoirudisha aliomba nyingine, na wanavyuoni wamesema kuwa alifanya hivyo ili moyo wa Abu Jahm usivunjike, kwani ndiye aliyemzawadia ile khamisa. Kuuhifadhi moyo wake hakukumpelekea kuuumiza moyo wa mwenziwe. Basi ikiwa mtazamo mmoja juu ya nakshi ulitosha kuiondoa nguo katika mwili wa mbora wa viumbe, sisi tusimamao mbele ya Mola na chombo kinachotetema kifuani, tutatoa udhuru gani?

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladi), katika kitabu chake Ihyau Ulumiddin, ameitanguliza hudhuri ya moyo juu ya maana nyingine za ndani ambazo kwazo swala huwa hai. Naye ametoa mfano wa mtu aliyekaa chini ya mti akitaka kufikiri, na ndege walio juu wakamkera kwa kelele zao. Kila akiwafukuza kwa fimbo huruka, kisha hurudi. Akaambiwa kuwa kazi hiyo haina mwisho, na akitaka kuokoka aukate mti. Mwenye mwembe uani kwake, na kunguru juu ya mwembe, aujua mfano huu bila ya kufasiriwa. Ndege ni fikira zinazomrukia mtu, na mti ni mapenzi ya dunia yaliyoota mizizi moyoni. Wengi wetu ni hodari wa kurusha fimbo, lakini mti twautilia maji kila siku.

Na Ghazali hakuyanena hayo kwa kubuni. Yeye mwenyewe, kama alivyosimulia katika kitabu chake Al-Munqidh, alikuwa mwalimu wa madrasa ya Nidhamia huko Baghdad, na wanafunzi 300 wakimsikiliza. Mwaka 488 Hijria (1095 Miladi) ulimi wake ulifungika asiweze kufundisha, na chakula kikakataa kushuka kooni. Na matabibu wakasema kuwa maradhi yameanzia moyoni. Akatoka Baghdad, akaenda Sham, akawa akijifungia katika mnara wa msikiti wa Damascus. Huenda msomaji akasema, "Basi huyu naye alikimbia." Twasema: mtazame mwisho wake. Hakubaki mnarani. Baada ya miaka ipatayo 11 alirudi kufundisha watu, huko Naisabur. Faragha ilikuwa kwake ni dawa, haikuwa makao. Na kila Mwislamu ana mnara wake mdogo wa dakika chache, mara tano kwa siku, kisha hurudi kwa watu.

Hapa sasa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mwanzo wa Suratul Muuminun, Mwenyezi Mungu ametaja kufuzu kwa Waumini. Sifa ya kwanza aliyowasifu kwayo, katika aya ya 2, ni khushuu ndani ya swala. Na sifa iliyoifuata, katika aya ya 3, kabla hata ya kutajwa Zaka, ni kuupa mgongo upuuzi. Mpango huu si wa bure. Khushuu ya ndani ya swala ina mlinzi wake nje ya swala. Mtu hawezi kuulisha moyo wake upuuzi tangu asubuhi hata adhuhuri, kisha akautaraji utulie ghafula kwa sababu amekunjua mswala. Moyo huingia swalani na kile ulichokula. Kwa hivyo aulizaye, "Kwa nini sina khushuu?" na ajiulize kwanza, "Kabla ya adhana nilikuwa nikisikiliza nini, nikitazama nini, na nikizungumza nini?" Jawabu ataikuta huko.

Na upuuzi si lazima uwe dhambi kubwa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika Hadithi ya Tirmidhi ambayo Imamu Nawawi ameitia katika Arbaini yake kuwa ya 12, kuwa katika uzuri wa Uislamu wa mtu ni kuyaacha yasiyomhusu. Tujipime kwa mizani hiyo. Fulani ameoa wapi, na mahari kiasi gani. Fulani ameachwa kwa nini. Picha ya ajali ya watu tusiowajua, inayopelekwa kutoka mkono hata mkono na maiti hajasitiriwa. Ugomvi wa watu wawili katika mji tusioukanyaga. Twayabeba haya yote, twalala nayo, twaamka nayo. Zamani baraza ilivunjika usiku ulipoingia, kila mtu akaenda kwake. Baraza ya leo haivunjiki, na mwenye kuivunja ni wewe peke yako, kwani hapana mwingine atakayeinuka akasema, "Haya jamani, tulaleni."

Sasa twataja mambo ya kufanywa, nayo ni mepesi kwa mwenye nia.

La kwanza, ni kuiandalia swala kabla ya kuingia. Mtume (S.A.W.) ameamrisha chakula cha usiku kikiwa kimeandaliwa na swala imekimiwa, tuanze na chakula, na amekataza mtu kuswali hali ya kuwa azuia haja. Tazameni huruma ya Sheria: yataka moyo usiwe na pa kukimbilia. Basi adhana ikilia, uache ulimi na uijibu. Ukitia udhu, tia kwa kimya, na ujue kila kiungo wakiosha kwa nini. Na simu iache nyumbani au dukani. Ikibidi uje nayo, izime kabla ya kuvuka mlango wa msikiti, wala usitosheke na kuinyamazisha, kwani iliyonyamazishwa hutetema, na mtetemo ni mwito.

La pili, ni kujua unalolisema. Yuko mtu mwenye miaka 50 aliyeisoma Fatiha tangu chuoni, na ukimwuliza maana ya aya moja hukutazama. Moyo hauwezi kukaa katika nyumba usiyoijua. Jifunze maana ya Fatiha, na tasbihi za rukuu na sijida, na tahiyatu. Kwa mwenye bidii hiyo ni kazi ya siku chache, na faida yake ni ya umri mzima. Kwa hayo moyo utapata kazi swalani. Na moyo wenye kazi hautangitangi.

La tatu, ni kutulia viungo. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mtu aliyeingia msikitini akaswali kwa haraka, na Mtume (S.A.W.) akamrudisha mara tatu, akimwambia kila mara kuwa hajaswali, kisha akamfundisha kurukuu hata atulie, na kuinuka hata alingane sawa, na kusujudu hata atulie. Utulivu wa mwili ni mlango wa utulivu wa moyo, na aliyeufunga mlango asilalamike kuwa nyumba haina hewa.

La nne, ni kukaa kidogo baada ya salamu. Zile tasbihi 33, na tahmidi 33, na takbiri 34, hazichukui muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Tuzisome moja moja, kila moja na maana yake; zisiwe mbio za vidole.

La tano, ni kuuchukua moyo huo huo kazini na nyumbani. Katika Suratu Nnuur, aya ya 37, Mwenyezi Mungu amewasifu watu ambao biashara na kuuza hakuwashughulishi na kumkumbuka Yeye. Hakuwasifu kwa kuacha kuuza. Amewasifu nao wako sokoni. Na katika Suratul Jumua, aya ya 10, baada ya swala kwisha tumeamrishwa kutawanyika na kutafuta fadhila zake, na humo humo kumkumbuka kwa wingi. Basi mshonaji ashone na moyo wake u katika mshono. Mwenye duka ampimie mteja na jicho lake li katika mizani. Dereva aendeshe na mikono na macho yawe barabarani, kwani roho za watu ni amana. Na baba akiingia kwake, mtoto akimsimulia habari za chuoni, amsikilize. Ni wangapi miongoni mwetu ambao mtoto huzungumza nao akauona mwanga wa simu usoni mwa babake, akanyamaza? Mtoto huyo akisha kunyamaza mara nyingi, hatazungumza tena. Na siku baba atakapotaka kuyajua yaliyomo moyoni mwake, atakuta yamekwisha kupelekwa kwa wengine.

Huenda mtu akasema: "Sheikh, riziki yangu i katika simu. Mimi ni dalali, mimi ni tuktuk, wateja wangu hupiga saa yoyote." Jawabu yetu ni kuwa hatukukukataza kazi. Katika Sahihi Muslim mna kisa cha Sahaba Handhala, aliyejikhofia kuwa ni mnafiki kwa sababu moyo wake ulikuwa hai mbele ya Mtume, lakini alipochanganyika na mkewe na watoto na shughuli za mashamba alisahau mengi. Mtume (S.A.W.) akamweleza kuwa lau wangedumu katika hali ile waliyokuwa nayo mbele yake, Malaika wangepeana nao mikono vitandani mwao na njiani, lakini mambo ni saa na saa. Basi dini haikukutaka saa zote ziwe za mihrabu. Imekutaka kila saa uipe haki yake: ya mteja iwe ya mteja, ya mtoto iwe ya mtoto, na ya Mola iwe ya Mola. Tulilolikataza ni kuzichanganya zote, zikawa si za yeyote.

Na mwingine atasema: "Mimi najitahidi, lakini fikira zanijia hata nisipozitaka." Huyu twampa bishara njema. Sahaba Uthman bin Abil-As alimshitakia Mtume (S.A.W.) kuwa Shetani amemwingilia baina yake na swala yake na kisomo chake. Mtume hakumkemea, wala hakumwambia imani yake ni dhaifu. Alimfundisha kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na kutema mate kidogo upande wa kushoto mara tatu, na Sahaba huyo amesema kuwa alifanya hivyo na Mwenyezi Mungu akamwondolea. Imepokewa na Muslim. Fikira ikikujia pasi na khiari yako, hilo si kosa. Kosa ni kuikaribisha, ukaivutia kiti na kuiagizia kahawa. Ukitambua kuwa moyo umeondoka, urudishe kwa upole kama umrudishaye mtoto aliyekwenda mlangoni. Ukiondoka tena, urudishe tena. Kule kurudisha ndiyo ibada, na ndiyo jihadi ya nafsi. Ama mtu ambaye huzuni au khofu imemzidi, halali, hali, wala haoni raha ya kuishi, huyo asiambiwe kuwa dini yake ni pungufu tu. Apelekwe kwa tabibu pamoja na kuombewa dua, kwani Mtume wetu ametuamrisha kujitibu.

Neno letu la mwisho ni kwa maimamu na kwa maamuma. Kila Ramadhani ikiingia, husikia watu wakiulizana, "Msikiti gani hutoka mapema?" Imamu apelekaye mbio husifiwa, na atulizaye husengenywa. Kisha wale waliotoka mapema huonekana barazani hata saa saba za usiku, hawana walikokuwa wakikimbilia. Enyi maimamu, nyinyi ni wachungaji wa nyoyo kabla ya kuwa wachungaji wa safu. Fupisheni sura mkipenda, kwani nyuma yenu mna wazee na wagonjwa. Lakini msifupishe utulivu, kwa kuwa huo ni katika nguzo na si katika mapambo. Nanyi maamuma, msimhukumu imamu kwa saa ya ukutani.

Imepokewa na Ibn Majah kutoka kwa Abu Ayyub kuwa mtu mmoja alimwomba Mtume (S.A.W.) mafundisho mafupi, na la kwanza aliloambiwa ni kuwa asimamapo kuswali aswali swala ya mwenye kuaga. Ndugu yangu, iko swala moja katika swala zako ambayo itakuwa ya mwisho, nawe hukuambiwa ni ipi. Yawezekana ikawa ni ya leo magharibi. Ikiwa mwili wako utakuwa umesimama na moyo wako uko sokoni, utakuwa umeondoka duniani bila ya kuaga. Basi leo magharibi anza kwa jambo moja tu: simu ibaki nyuma, na Fatiha isomwe aya baada ya aya kwa kuijua maana yake. Kesho ongeza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azikusanye nyoyo zetu baada ya kutawanyika kwake, azijaalie swala zetu ziwe kituo cha macho yetu, na atuepushe na elimu isiyonufaisha na moyo usionyenyekea. Awarehemu wazee wetu waliotufundisha, na awaongoze watoto wetu. Amin.

Wabillahi ttawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.